Vidole vitatu juu ya tairi

Tela likitoka gereji, mwenye mali huangalia rangi. Akisharidhika na rangi huegemea kona moja kwa uzito wake wote, tela likashuka na kupanda, naye akaitikia kwa kichwa: springi ziko vizuri. Mimi huomba kipande cha boksi. Nakitandika chini, nalala chali, namulika kwa tochi ya simu tumbo la madigadi, kule ambako brashi ya rangi haifiki. Mkwaruzo mmoja mweusi wa mpira humo ndani unanieleza habari za fundi kuliko nusu saa ya maneno yake.

Nazungumzia matela ya safari, haya ambayo Arusha tunayafunga nyuma ya Land Cruiser: mahema, meza, mitungi ya gesi, madumu ya maji, na magodoro juu chini ya turubai. Tupu, langu lina kilo mia tano na kitu. Likishapakiwa kambi ya watu wanane linagonga 1,200. Mengi ya matela haya yalitengenezwa kwa ajili ya lami, yakapewa vijitairi vya rimu 14 na springi za pleti tatu. Lami ya kwenda Serengeti inaishia lango la Lodoare, na kuanzia hapo barabara imejikunja kama bati. Baada ya msimu mmoja kila mwenye tela hufikia uamuzi uleule: liinuliwe, lipewe springi nene na matairi makubwa.

Uamuzi wenyewe si mbaya. Tairi la tela likilingana na la gari, spea inakuwa ya aina moja na unaokoa nafasi. Ila hesabu nati kabla ya kushangilia. Land Cruiser 70 za zamani, mfano HZJ75, zina nati sita kwa kila gurudumu, na HZJ78 na HZJ79 zilizoanza 1999 zina tano. Nimeshaona tela la nati sita nyuma ya gari la nati tano, mwenyewe akijisifu kwamba saizi ni moja.

Halafu piga hesabu ambayo mafundi wengi huiruka. Tairi la 195R14 lina kimo cha sentimita 67 hivi. La 235/85R16, ambalo kwa kimo ni ndugu wa 7.50R16 tuliyoizoea, lina 80 na ushei. Zimeongezeka 13, na nusu yake iko juu ya ekseli. Kwa hiyo hujapakia hata sufuria moja, na tayari tairi limeshakula sentimita sita na nusu za nafasi iliyokuwa chini ya madigadi. Upana nao umekua kwa sentimita nne, mbili za nje na mbili za ndani, upande wa chesisi. Hizi mbili za ndani ndizo zilizonila mimi.

Tela langu la kwanza lilifanyiwa kazi na fundi ambaye jina lake nitalihifadhi. Uwanjani lilipendeza. Kiganja kizima kilipita kati ya tairi na madigadi, nikalipa na salio papo hapo. Safari ya kwanza, tumeshaiacha njia panda ya Olduvai tukielekea lango la Naabi, utingo akaniambia, "Kaka, kuna mpira unaungua." Tukasimama. Juu ya tairi hapakuwa na kitu. Nikaingiza mkono kwa ndani, nikagusa mfereji uliochongwa kuzunguka bega lote la tairi, laini, wa moto, kama uliokatwa kwa mashine. Bolti ya kushikilia madigadi ilikuwa imetokeza kichwa sentimita moja. Gurudumu moja likipanda jiwe na jingine likibaki chini, ekseli inainama, na kichwa cha tairi lililopanda kinalalia ndani. Fundi alikuwa amepima juu tu. Na alipima tela likiwa tupu, limesimama kwenye sakafu ya saruji, mahali ambapo halitaishi hata siku moja.

Nafasi ya tairi, basi, hupimwa springi zikiwa zimekunjika hadi mwisho. Fundi ninayemwamini sasa, mzee mmoja wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, hufanya hivi: kabla ya kufunga kazi moja kwa moja, huvua pleti zote za springi na kubakiza ile mama yenye masikio, akaifunga. Springi ikiwa nyepesi hivyo, jeki ndogo inatosha kupandisha ekseli mpaka ikagonga mpira wa kizuizi chini ya chesisi. Anapandisha upande mmoja, mwingine anauacha uning'inie. Anazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, sikio lipo karibu. Kisha anaingiza vidole. Juu anataka vidole vitatu vipite vikiwa vimelala, yaani kama sentimita tano. Kwa ndani, kati ya shavu la tairi na chuma chochote, viwili. Siku ya kwanza nilimwambia vitatu ni vingi. Akanijibu, "Mwanangu, na udongo mweusi utauweka wapi?" Anayeujua udongo wa mfinyanzi wa Serengeti baada ya mvua, unavyojibandika kwenye tairi tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, hatauliza tena.

Angalia kinachogusa kwanza. Mpira wa kizuizi lazima uishike ekseli kabla tairi halijafika popote. Ukikuta mpira mpya kabisa usio na alama na madigadi iliyokwaruzwa, kazi imekwenda kinyume.

Mnunuzi wa tela lililokwisha kuinuliwa hawezi kumwamrisha muuzaji avue springi. Tumia chokaa. Koroga na maji kidogo, paka kichwa cha tairi na shavu la ndani, pakia tela mzigo wake halisi (mawe yanafaa, au madumu ya maji yaliyojaa), kisha livute polepole kuvuka mtaro kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Lala tena kwenye boksi lako. Chokaa ikionekana mahali pasipo pake, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Sasa kuinua kwenyewe. Njia ya mkato inayopendwa ni kuihamisha ekseli kutoka juu ya springi kwenda chini yake. Ekseli ya unene wa sentimita tano na springi yenye unene kama huo, tela limepanda sentimita kumi bila kununua chochote zaidi ya yubolti. Hapa ndipo fundi mzuri anapojitenga na fundi mwepesi. Ekseli nyingi za tela hazikunyooka: zimepindwa kidogo kama upinde, mgongo ukitazama juu, ili mzigo ukikaa magurudumu yasimame wima. Fundi mwepesi huipindua ekseli nzima, kwa kuwa vikalio vya springi vimeshachomelewa upande ule. Mgongo ukishatazama chini, magurudumu yanaegemea vichwa ndani, na mzigo ukikaa yanazidi kuegemea, matairi yanalika upande. Kazi safi huiacha ekseli ilale ilivyolala, ikachomelewa vikalio vipya upande wa pili. Kwa hiyo tafuta makovu ya vikalio vya zamani. Ukiyaona upande mmoja na vikalio vipya upande wa pili, fundi alifikiri. Weld ya kikalio iwe imekwenda na urefu wa ekseli. Ile iliyoizunguka ekseli kama pete ndiyo itakayoanzisha ufa.

Tela likishapanda, na ndoano ya gari ipande, au pua ya tela iongezwe kimo. Tela linaloinamisha pua limepeleka mzigo mbele na kuilalisha nyuma ya gari. Weka pima maji juu ya chesisi likiwa limepakiwa. Hilo ni la dakika moja.

Springi zenyewe zina udanganyifu wake. Wengi hudhani nene ndiyo bora, lakini ugumu wa pleti haupandi sawa na unene wake, unapanda kwa kipeo cha tatu. Pleti ya milimita 7 ni ngumu kuliko ya 6 kwa zaidi ya nusu, na ya 8 ni ngumu zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana tela lililofungwa pleti nene chache huruka likiwa tupu kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na kila mruko unaishia kwenye chesisi na kwenye mayai yako. Napendelea pleti nyembamba nyingi, zilizopungua urefu kwa ngazi zinazolingana, ncha zake zimechongwa zikawa nyembamba ili zisitafune ya juu yake. Mzigo kamili ukikaa, springi ibaki karibu kunyooka, na upinde kidogo. Ikiwa bado imejikunja kama mwezi mchanga tela likiwa limejaa, ni ngumu mno kwa mzigo huo.

Pleti za mtumba kutoka magari yaliyokatwa, za Gerezani, Dar es Salaam, au za Kirinyaga Road, Nairobi, si lazima ziwe mbaya. Zigonge na nyundo ukiwa umezining'iniza: nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Pitisha kidole pembezoni mwa tundu la senta bolti, maana ufa hupenda kuanzia hapo. Lakini alama ya weld juu ya pleti, hata kitone kilichoruka tu, inatosha kuikataa. Chuma cha springi hupata uhai wake kwa kuchomwa, kuzamishwa kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kipimo. Moto wa weld unaufuta uhai huo mahali padogo kama punje, na pleti itakatikia papo hapo, kwa kawaida usiku.

Shako, kile kipande kinachoning'iniza sikio la nyuma, kinasahaulika sana. Springi ikinyooka inarefuka, na urefu huo lazima uende mahali. Kwa hiyo shako ilale ikielekea nyuma kidogo, na iwe na nafasi ya kuendelea kulala. Ukikuta imesimama wima tela likiwa tupu, au imeegemea mbele, siku ya shimo kubwa itageukia upande usio wake na kukwama hapo. Boshi za plastiki zinazouzwa na tela hufa haraka kwenye vumbi. Za shaba zenye pini ya kuingiza grisi ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Shokapu nazihukumu kwa kiganja. Endesha kilomita ishirini za barabara ya bati, simama, gusa zote mbili. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, basi inayofanya kazi ni ya moto. Moja ikiwa baridi na mwenzake ikichoma, ile baridi imekufa, hata kama haivuji tone. Ukiwa hapo gusa na habu. Hiyo ndiyo iwe ya vuguvugu tu. Habu inayokufanya uondoe mkono ina beringi iliyokazwa mno au breki iliyoshika.

Unyoofu wa ekseli hauhitaji mashine. Futikamba inaanzia katikati ya ndoano ya tela, inakwenda ncha ya kulia ya ekseli, kisha ya kushoto. Vipimo hivyo viwili vikipishana zaidi ya milimita tatu, narudisha kazi. Fundi akisema "ni kidogo tu hiyo, bosi," mwambie akalipie matairi. Tela la ekseli mbili lina kipimo hicho kwa zote mbili, na jingine la kuongeza: nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma, ambayo matairi makubwa huila kimyakimya.

Yubolti ziwe mpya. Iliyokwishakazwa imeshavutika, na ukiirudisha itaendelea kuvutika. Hata mpya hulegea springi zinapokaa, kwa hiyo safari ya kwanza ina kituo chake. Mimi husimama Makuyuni, takribani kilomita 80 kutoka Arusha, kabla ya kukata kona ya Mto wa Mbu. Wengine wananunua maji na mahindi ya kuchoma, mimi natoa spana na kukaza yubolti na nati za magurudumu, tela likiwa na mzigo wake. Mzee wa Unga Limited hunirahisishia: kila nati aliyokaza huivusha mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nikishakaza Makuyuni napiga mistari mipya kwa kibrashi changu. Baada ya hapo, Karatu, Lodoare na Naabi, sihitaji spana tena labda mstari uwe umekatika. Nazunguka tela mara moja na tochi, nainama penye kila gurudumu, nahesabu mistari iliyonyooka.