Kompaila isiyojua uzi ni nini

Nyuzi mbili za programu zinasoma hesabu ileile: 7. Kila moja inaongeza 1, kila moja inaandika 8. Ilipaswa kuwa 9. Kosa hili ni kaidi: ukiijaribu programu mara elfu huenda lisionekane, kisha likaibuka mikononi mwa mteja. Ukiongeza mistari ya kuchapisha ili ulinase, mwendo wa nyuzi unabadilika, nalo linajificha.

Waliounda Rust, lugha iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, walitaka kosa hili likamatwe kabla programu haijawashwa. Kinachonifurahisha ni kwamba kompaila yao yenyewe haijui uzi ni nini. Inajua aina za data na mwenye mali ni nani, basi. Amri ya thread::spawn, inayoanzisha uzi mpya, imo kwenye maktaba tu, ila imewekewa sharti: kila kinachoingia humu kiwe na alama ya Send, yaani ni salama kuhamishiwa uzi mwingine. Kwa kawaida alama hiyo huibandiki wewe. Kompaila huupa alama hiyo muundo wowote ambao sehemu zake zote zinayo. Moja ikikosa, muundo mzima umekosa.

Chukua Rc, kielekezi kinachohesabu wangapi wanashiriki kipande kimoja cha kumbukumbu. Huhesabu kienyeji, kwa mtindo uleule wa 7 na 8, kwa hiyo kimenyimwa Send. Hata kikiwa kimezama ndani ya muundo ulio ndani ya muundo mwingine, alioupanga mwenzako mwaka jana, ukiupeleka kwenye uzi mpya kompaila inagoma na kukitaja Rc kwa jina. Weka Arc, kinachohesabu kwa amri za prosesa zisizoingiliwa katikati, na mambo yanapita. Arc ni kizito kidogo. Ndiyo maana vyote viwili vipo.

Nyuzi zikitaka kubadilisha data ileile, hutumia kufuli, inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati. Kwenye lugha ya C++, kufuli hukaa huku na data kule. Clang, mojawapo ya kompaila za C++, inakuruhusu kuandika GUARDED_BY kando ya data, nayo itakuonya kupitia -Wthread-safety. Ukisahau kuandika, kimya. Mutex, kufuli ya Rust, imeifungia data ndani yake: hujashika kufuli, huigusi.

Mozilla walijaribu mara mbili kwa C++ kuigawia nyuzi nyingi kazi ya CSS, yaani mitindo ya kurasa, katika kivinjari chao cha Firefox, wakashindwa. Iliyoandikwa kwa Rust iliingia Firefox 57, Novemba 2017.

Lakini nyuzi mbili zikishika kufuli moja moja, kila moja ikingoja ya mwenzake, programu inaganda palepale, na kompaila ilikuwa imeipitisha bila neno.