Anayefungua Ndiye Msomaji wa Kwanza: Uhakiki wa Vihariri vya Msimbo

Tumezoea kusema "fungua faili" kama tunavyosema "fungua mlango": kilichomo ni kilekile, ufungue wewe au nifungue mimi. Katika makala hii ninapinga mazoea hayo. Ninahoji kuwa kihariri cha msimbo, kabla hatujaona hata herufi moja, kimekwisha kulisoma faili na kuamua lina nini. Na uamuzi huo ukikosewa, tunaoumia ni sisi tunaoandika Kiswahili na Kifaransa pamoja.

Darasa letu lilirithi programu ndogo ya mazoezi ya msamiati, iliyoandikwa kwa Python. Maneno ya Kiswahili na tafsiri zake za Kifaransa yamo ndani ya msimbo chanzo wenyewe. Mstari wake wa kwanza ulitamka kuwa faili limeandikwa kwa cp1252, usimbaji wa herufi wa Windows za zamani. Mwenzetu alilifungua kwa kihariri kimoja, akasahihisha neno moja, akahifadhi. Hakuna onyo aliloliona. Kesho yake ng'ombe, ng'ambo na kung'oa yote yalikuwa na takataka mahali pa ritifaa. Hayo hayakutusumbua sana, kwa kuwa kila mmoja wetu alijua kinachokosekana. Kifaransa ndicho kilichotutoa jasho: é, è na ê zote ziligeuka alama moja. Pêcher, yaani kuvua samaki, na pécher, yaani kutenda dhambi, yalikuwa sasa neno lilelile. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Ilitubidi kupitia orodha nzima neno kwa neno, tukiongozwa na upande wa Kiswahili.

Lililotokea linaelezeka. Katika cp1252, é ni baiti moja tu, namba 233. Katika UTF-8 herufi hiyohiyo huandikwa kwa baiti mbili. Kihariri kinachosoma faili la cp1252 kana kwamba ni UTF-8 hukutana na 233, hakiielewi, kisha huweka alama ya kuonyesha kuwa kimeshindwa. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Madhara huja wakati wa kuhifadhi: alama ile ya kushindwa huandikwa juu ya herufi halisi.

Vihariri vinavyojulikana havifanani katika jambo hili. Emacs husoma tamko la usimbaji lililo kichwani mwa faili na kulifuata. Vim ina orodha ya usimbaji wa kujaribu: huanza na UTF-8, ikigonga mwamba huenda kwenye latin1. Latin1 hupokea baiti yoyote. Hivyo hata kama ritifaa itaonekana vibaya kwenye kioo, ukihifadhi, baiti hurudi zilivyokuwa. VS Code huchukua UTF-8 kama chaguo-msingi. Uwezo wa kukisia upo, katika mpangilio uitwao files.autoGuessEncoding, lakini huja ukiwa umezimwa.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu: UTF-8 ndiyo kanuni ya leo, na mafaili ya zamani yabadilishwe. Nakubali. Lakini huwezi kulibadilisha faili ambalo hujalifungua sawasawa. Wengine watasema kukisia nako hukosea. Ni kweli, na ndiyo maana siombi kihariri kikisie. Ninachoomba ni kwamba kikishindwa kusoma, kisihifadhi kimyakimya.

Kwa nini basi kasoro hii huvumiliwa? Herufi 128 za ASCII, zinazotosha kuandika msimbo wa Kiingereza, zina namba zilezile katika cp1252 na katika UTF-8. Anayeandika kwa herufi hizo pekee anaweza kufanya kazi maisha yake yote asiione kasoro hii. Ritifaa iliyopinda ya ng'ombe na kofia ya pêcher ziko nje ya zile 128.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Anayehariri utenzi wa kale ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hukutana na alama moja inayoweza kusomwa e au i, o au u. Huamua, kwa sababu hana budi kuamua. Lakini mhariri mwaminifu hauchomi mswada baada ya kuamua. Huuacha ulivyo, ili atakayekuja baadaye aweze kumpinga. Kihariri kinachoandika alama ya kushindwa juu ya herufi kimeuchoma mswada.

Faili letu sasa limehamishiwa UTF-8, na mstari ule wa kwanza tumeufuta, maana Python 3 huchukua UTF-8 bila kuambiwa. Kwa mafaili ya zamani ambayo bado hatujayagusa, tumeandika usimbaji wao katika faili la mipangilio, settings.json, ndani ya folda ya mradi, ili uamuzi usafiri na kazi yenyewe. Na kwa wenzangu mtakaorithi kazi za waliowatangulia: katika VS Code, jina la usimbaji huandikwa chini, upande wa kulia wa dirisha. Litazameni kabla ya kugusa chochote. Kama si sahihi, libonyezeni, mchague kulifungua faili upya kwa usimbaji wake, ndipo mwanze kusahihisha.