Mafundi wa Maana

Mhadhara haujaanza, lakini mkalimani wa lugha ya ishara ameshafika na kuukagua ukumbi. Anatazama dirisha liko upande gani, kwa sababu mwanga ukitokea nyuma yake uso utageuka kivuli, na uso wake ni sehemu ya sarufi. Anatafuta pa kusimama ambapo mwanafunzi kiziwi ataweza kumwona yeye, mhadhiri na ubao bila kupindisha shingo kila dakika. Nguo yake ni ya rangi moja, haina maua wala mistari, na inatofautiana na rangi ya ngozi yake ili mikono ionekane vizuri. Sisi tunaosikia tumehudhuria mihadhara chungu nzima bila kuyawaza hayo hata mara moja.

Naustahi sana ufundi huu, na ninachokistahi zaidi ni kule kuchelewa kwake. Mhadhiri anasema, mkalimani anamfuata sekunde chache nyuma. Wasiojua hudhani hakushika maneno. Kumbe anangoja maana ikamilike. Mtu anayekimbilia kila neno linapotoka mdomoni mwa msemaji atampa mwanafunzi rundo la ishara zisizo na kichwa wala miguu, maana Lugha ya Ishara ya Kenya ina mpangilio wake, nao si wa Kiingereza wala wa Kiswahili. Chukua mhadhara wa historia kuhusu Sultani Barghash wa Zanzibar na Wajerumani. Mkalimani anamweka Sultani hewani upande wake wa kulia, Wajerumani anawaweka kushoto, na tangu hapo kitenzi chenyewe kinasafiri: nani kamwandikia nani, nani kamtisha nani, unaona kwa macho. Nyusi zikipanda, ni swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Zikikunjwa, anauliza nani au kwa nini. Mikono ikisema kweli na uso ukabaki mkavu, sentensi imevunjika.

Kazi hiyo huchosha akili kabla ya kuchosha mabega. Ndiyo maana mahali inapofanywa kwa utaratibu wakalimani huwa wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Yule aliyeketi hapumziki. Anamtazama mwenzake, na jina likimponyoka au mwaka ukimpita, anamrushia ishara ndogo kutoka kitini, naye anaidaka na kuendelea bila mwanafunzi kukosa kitu. Vyuo vinavyomwajiri mkalimani mmoja kwa mhadhara wa saa tatu vinajidanganya kuwa vimeokoa fedha. Anayelipia akiba hiyo ni mwanafunzi, katika ile saa ya tatu.

Sasa fikiria somo la baiolojia. Mhadhiri anataja osmosisi. Ishara yake haipo, au ipo katika chuo kingine ambacho mkalimani hakijui. Anaitamka herufi kwa herufi kwa vidole mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, na kila mara mhadhiri anazidi kwenda mbele. Baada ya kipindi yeye na mwanafunzi wanakaa pamoja. Kiganja kimoja kinakuwa utando, vidole vya mkono wa pili vinakuwa maji yanayopenya kwenda upande wenye chumvi nyingi. Mwanafunzi, ambaye lugha ni yake, anairekebisha: vidole vipunguzwe, mwendo uwe wa polepole. Wanakubaliana. Istilahi imezaliwa, na ina uzuri ambao neno la kukopa halina, kwa kuwa anayeiona ameshaona jambo lenyewe likitendeka.

Halafu miaka minne inapita. Mwanafunzi anahitimu, mkalimani anapata kibarua kwingine, na ile ishara inaondoka nao. Mwanafunzi kiziwi anayefuata anaanza upya na herufi. Hasara hii inaniuma kuliko nyingine zote, kwa kuwa tunajua namna ya kuizuia. Kiswahili hakikupata msamiati wa sayansi kwa bahati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1964, Baraza la Kiswahili likafuata mwaka 1967, watu wakakaa, wakabishana, wakaandika. Lugha ya ishara inadai kikao kama hicho, na kwa kuwa haiandikwi kwenye karatasi, inadai pia kamera, mahali pa kuhifadhi picha, na watu wanaolipwa kufanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Hiyo ni idara ya chuo kikuu, haiwezi kuwa mradi wa wafadhili wa miezi 18.

Na si jambo geni. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ishara za wanafunzi wake zilikuwa lugha kamili, zenye vipande vidogo vinavyoungana kwa kanuni. Wenzake wengi hawakumwamini. Kamusi aliyoitoa mwaka 1965 aliiandika pamoja na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili viziwi, na bila macho yao isingekuwa kamusi ile. Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya mwaka 1991. Miongoni mwa walioubeba alikuwa Okoth Okombo, mwanaisimu aliyekuwa amekichambua Kijaluo kabla ya kugeukia ishara, akizipa hadhi ileile aliyoipa lugha ya mama yake. Philemon Akach, aliyekuwa naye, baadaye alikwenda kuijenga taaluma hiyo katika Chuo Kikuu cha Free State, Bloemfontein, Afrika Kusini. Mwaka 2023 nchi hiyo iliifanya lugha yake ya ishara kuwa lugha rasmi ya kumi na mbili ya nchi.

Kenya ilikuwa na karatasi mapema zaidi. Katiba ya 2010, ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi za Bunge, na ibara ya 7 inaiagiza serikali kuikuza. Lakini sheria haina mikono. Mikono hufundishwa, na kuifundisha huchukua miaka. Hakuna anayejifunza Kifaransa kwa miezi mitatu kisha akakabidhiwa kesi ya jinai aifasiri. Kwa ishara tunaruhusu, na anayesimama kizimbani ni mtu ambaye hawezi hata kujua kwamba ushahidi wake umepotoshwa.

Tuwakumbuke pia walimu wa lugha hii, viziwi wenyewe. Mwaka 1880, mkutano uliofanyika Milano, ambao karibu wajumbe wake wote walikuwa watu wanaosikia, uliamua kuwa mtoto kiziwi afundishwe kwa sauti na kusoma midomo, ishara ziwekwe kando. Uamuzi huo ulifika hadi madarasani mwetu, mtoto akazuiwa kutumia mikono yake mwenyewe. Ishara zilinusurika mabwenini usiku, watoto wakubwa wakiwafunza wadogo. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo lugha hii haikurithiwa mezani kwa mama na baba. Ilirithiwa kwa wenzao. Kila mkalimani hodari ninayemfahamu atakwambia alikojifunzia: kwa viziwi, barazani, kanisani, uwanjani, kwa kusahihishwa bila kuchoka.

Kwa hiyo nikiulizwa chuo kikuu kianzie wapi, sisemi jengo wala kompyuta. Kimwajiri mhadhiri kiziwi kwa mkataba wa kudumu, apewe darasa, apewe sauti katika kamati inayopitisha mitaala, na awe ndiye anayeamua mkalimani gani amefuzu. Wakalimani wawili waketi mbele ya kamati hiyo, wapokezane kila dakika 20, ili maprofesa wanaosikia waelewe anachosema.