Kitabu cha Soja na Vingine vya Kazini

Usiku ule stima ilipotea saa saba na dakika chache. Nilikuwa na kazi ya kurasa sita ya kutumwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kompyuta yangu ni ya zile kuukuu, ukichomoa waya inakufa papo hapo. Tulikuwa watu watano katika nyumba ya vyumba viwili huku Roysambu, nyumba tuliyoiita ofisi. Kazi yetu ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Wengi wenu mnaijua hiyo kazi. Baadhi yenu mmeifanya na hamtasema, na mimi sitawalazimisha.

Mtu mmoja akawasha tochi ya simu, stori zikaanza, na sijui nani aliuliza kwanza (pengine ni mimi, huo ugonjwa ninao): kitabu chako cha Kiswahili unachokipenda ni gani? Si cha kusifia. Cha kupenda.

Jibu la kwanza lilikuwa Siku Njema, bila shaka. Uliza Wakenya wa rika fulani, watakwambia Siku Njema kabla hujamaliza swali. Ken Walibora aliitoa mwaka wa 1996, ikaingia madarasani, na safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake ikawa safari yetu sote, hata sisi ambao hatukuwa tumewahi kupita Mtito Andei. Lakini aliyelitoa jibu hilo alicheka mwenyewe. "Hilo ni jibu la mtihani," akasema. "Nipeni muda."

Muda ndio ulioleta majibu ya kweli, na tangu usiku ule nimekuwa nikiyasoma moja moja. Nimegundua kwamba kitabu unachopewa na mtu wa kazini si sawa na kile cha mwalimu au cha mtu wa mtandaoni. Mwalimu atakuuliza maudhui na sifa za wahusika, mpeane alama muachane. Yule wa mtandaoni hutakutana naye. Lakini mtu wa kazini mtakaa meza moja kesho, atakuuliza umefika wapi, na ukimdanganya atajua. Tena amekuona mwaka mzima ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, ukiwa umenyimwa malipo. Anapokwambia soma hiki, hazungumzii kitabu peke yake.

Dada aliyekuwa akisahihisha kazi zetu kabla hazijatumwa, mwenye jicho la kuona koma iliyopotea akiwa upande wa pili wa chumba, alitaja Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Babake alikuwa nayo nyumbani. Ilichapishwa 1968, miaka sita baada ya mwandishi kuaga dunia, na ni habari ya mtu anayeacha kazi yenye mshahara mzuri Unguja ili akalime katika kijiji kinachoitwa Busutamu. Naam, Busutamu. Nilidhani ananitania.

Niliisoma kwa siku tatu, kwenye matatu zaidi ya kitandani. Kiswahili chake kinakufanya uone aibu kwa ujumbe uliotuma asubuhi. Ila jembe la Utubora halitoi malengelenge. Analima na shamba linamtii, anasema na watu wanasikia, na kila aliye karibu naye anaonekana kuwekwa pale ili Utubora apate wa kumshinda kwa wema. Jina lenyewe limeshamaliza mjadala kabla haujaanza. Utu bora! Utabishana naye vipi? Shuleni tuliita mbinu hii majazi, ukiitaja na mfano wake unavuna alama zako, na sikuwahi kujiuliza inamfanyia nini msomaji. Inamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilipomweleza dada haya, hakubishana. "Mimi sikukupa ukajifunze kulima," alisema. "Nilikupa umsikie mtu akimwambia bosi hapana bila kumtukana." Hilo ni kweli limo, na limeandikwa kwa adabu ambayo sijaikuta kwingine. Yeye mwenyewe sasa amekodi robo ekari huko Juja, anapanda sukuma wiki, na usiku bado anasahihisha insha. Shaaban Robert hakutwambia kuhusu huyo.

Jamaa wa rika langu akataja Kidagaa Kimemwozea. Nilikereka. Ilitoka mwaka wa 2012, na sisi wawili tuliifanyia KCSE. Nilishaipasua hiyo riwaya hadi mifupa: maudhui ya uongozi mbaya, maudhui ya elimu, mbinu rejeshi, ukurasa huu na ule. "Isome tena bila kalamu," akasema. Nikaipata kwa wauzaji wa inama, mjini, nakala iliyopigiwa mistari na mwanafunzi fulani kuanzia mwanzo hadi katikati, halafu mistari ikakoma. Huyo naye alichoka.

Ukiisoma bila kalamu unakutana na kijana aitwaye Amani, aliyetiwa gerezani kwa kosa la kusingiziwa, masomo ya chuo kikuu yakamkatikia hapo. Zaidi ya hayo ameibiwa mswada. Amekesha akiandika, mtu mwingine akauchapisha kwa jina lake na kusifiwa. Amani anafika Sokomoko na kugeuka mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, kumbe ndugu ya Mtemi, Mwalimu Majisifu, ndiye aliyekula jasho lake. Na kitabu kilichoibwa ndani ya riwaya kinaitwa Kidagaa Kimemwozea, jina lile lile lililo kwenye jalada ulilolishika mkononi. Nikiwa kidato cha tatu niliona hiyo ni chenga tu ya mwandishi. Safari hii nilifunga kitabu nikakitazama jalada kwa muda, jina la mwandishi na jina la kitabu, nikifikiria mafaili niliyotuma wiki hiyo.

Mimi pia niliachia chuo njiani, ingawa sababu yangu si ya riwaya. Ni karo.

Sasa hili sikulibuni. Siku chache baadaye iliingia oda ya kurasa nane kuhusu uaminifu katika usomi na ubaya wa kutumia kazi ya mwingine kama yako. Mteja alikuwa anahitaji kazi hiyo upesi. Niliandika usiku kucha, na kwa kuwa Majisifu alikuwa bado ananizunguka kichwani nikamtilia aya nzima: namna anavyozamia pombe, namna sifa zinavyomlemea, namna mtu anavyoweza kuogopa kitabu chake mwenyewe. Nadhani ndiyo aya nzuri zaidi niliyowahi kuandika pale ofisini. Dada aliifuta. "Huyu mteja wako amemjulia wapi Majisifu?" akauliza. Hakukosea. Aya ile ingetuchoma sote.

Hapo ndipo nilipoanza kugombana na Walibora, ambaye alifariki Nairobi mwezi wa nne 2020 kabla sijapata hata ujasiri wa kumwandikia barua pepe. Katika Kidagaa kila kitu kinatajwa kwa jina lake halisi. Mwizi anaitwa Majisifu, mtawala anaitwa Nasaba Bora, msichana mwema ni Imani. Majisifu anaumwa na alichofanya hadi anakiri, na mwenye mali anajulikana. Mimi mteja wangu haumwi na kitu. Analala. Wala hakuniiba: alilipa kupitia watu wengine wawili, kila mmoja akakata chake, nami nikapata shilingi 250 kwa ukurasa kwa hiari yangu na namba yangu ya simu. Riwaya ina neno la aliyeiba na neno la aliyeibiwa. Ya aliyeuza haina.

Nilipomwambia jamaa hivyo, alinijibu kitu ambacho bado kinanisumbua. Alisema anakipenda kile kitabu kwa sababu hiyo hiyo ninayokilaumu. "Angalau mle ndani mwizi ana jina la mwizi. Hapa kila mtu ni mteja."

Nimemwacha soja mwisho kwa sababu kitabu chake ndicho nilichokichelewesha. Usiku ule wa giza alipanda ngazi kutwambia kwamba ni mtaa mzima umezimika, si sisi tu, akakuta mazungumzo yamenoga. Hatukumuuliza. Alitaja mwenyewe: "Kuli. Adam Shafi." Kesho yake jioni akanipa nakala yake, haina jalada kabisa, na juu ya karatasi ya kwanza ameandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa, jina la kitabu na jina la mwandishi ili visipotee. Ujanani mzee aliwahi kufanya kibarua cha kupakua meli Kilindini. Mimi wa Adam Shafi nilikuwa najua Vuta N'kuvute tu, tena kwa sababu ya filamu ya Amil Shivji ya mwaka wa 2021.

Kuli ilichapishwa 1979. Inamfuata Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli katika bandari ya Unguja, hadi mgomo wa 1948, mgomo uliotokea kweli. (Mombasa ilikuwa imegoma Januari 1947. Mzee ndiye aliyeniambia, siyo darasa la historia.) Mhusika ni Rashidi, basi. Jina ambalo mtu yeyote angepewa. Humjui ni mwema au mbaya mpaka umwone akibeba, akidanganywa, akikasirika, akielewa. Uzito wa gunia mle ndani ni uzito kweli, na wakubwa wa bandari hawahitaji kuwa mashetani. Wanahitaji meli itoke kwa wakati, ndiyo maana wanatisha. Mazungumzo ni ya watu wa Unguja wenyewe, ya haraka na yenye utani hata njaa ikiuma. Kasoro anayo. Kadiri mgomo unavyokaribia, watu wanaanza kuongea kama karatasi za chama, na Rashidi niliyemzoea anakuwa msikilizaji wa hotuba. Kurasa hizo nilizipita mbio.

Lakini hiki ndicho kitabu pekee kati ya vitatu kinachoijua kazi yangu. Kuli hajaibiwa shehena. Haikuwa yake tangu mwanzo. Anaitoa melini, analipwa kidogo, shehena inaenda mjini ikiwa na jina la mwenye duka. Hasira ya Rashidi haiko kwenye shehena. Iko kwenye hicho kidogo, na kwenye mgongo wake. Kwa wiki nzima nilijiona nimepata jibu, nikamtangazia kila mtu ofisini kwamba sisi si kina Amani, sisi ni makuli, na tunachohitaji ni bei, si jina.

Dada aliniangalia juu ya miwani. "Kuli hakuliwaza lile gunia usiku kucha," alisema, "na hakuna aliyefuta aya kwenye gunia lake."

Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Ofisi ile imeshavunjika. Mwenye kutuletea kazi alihama na malipo ya mwezi mmoja, kila mtu akaenda njia yake. Siku hizi naandika vitu vyenye jina langu chini, vingi vikiwa havilipi hata hizo 250.

Juzi nilimrudishia mzee kitabu chake. Bado analinda jengo lile lile. Nilimweleza kwamba nataka kuandika kuhusu vitabu vya watu wa kazini na kwamba yeye yumo, nikamuuliza nimtaje kwa jina gani. Alifikiria, akafungua ile karatasi ya kwanza kuhakikisha wino haujafutika.

"Andika soja," akasema. "Halafu niambie, ile sehemu ya hotuba uliisoma ama uliiruka?"

Nikamwambia niliiruka. Akanirudishia kitabu.