Miaka Arobaini ya Wilhelm Peters

Kumweleza nyoka kwa maandishi ni kazi ya kuhesabu. Mtaalamu humtoa kwenye spiriti, humlaza mezani, kisha huhesabu safu za magamba katikati ya mwili, kuanzia ubavu mmoja, kupanda mgongoni, hadi ubavu wa pili. Huhesabu magamba mapana ya tumboni moja baada ya jingine, toka shingoni hadi penye tundu la haja. Huhesabu ya chini ya mkia, akitazama kama yamegawanyika. Ndipo arudi kichwani: yako mangapi kwenye mdomo wa juu, na ni lipi linaligusa jicho. Rangi si ya kuaminiwa, kwa kuwa spiriti huila. Hesabu ya magamba haipauki. Mtu aliye nchi ya mbali, ambaye hajapata kumwona nyoka yule, anatakiwa asome maelezo hayo na aweze kusema: ndiye, au siye.

Katika karne ya 19 wapo Wajerumani wengi waliosifika kwa nadharia kubwa juu ya viumbe. Mimi namstahi zaidi Wilhelm Peters, aliyesifika kwa kazi hii ndogondogo. Alizaliwa mwaka 1815 huko Koldenbüttel, kaskazini mwa Ujerumani ya leo, akasomea udaktari, kisha akawa msaidizi wa Johannes Müller, bingwa wa anatomia mjini Berlin. Mkono wake ulizoea kisu cha kupasulia kabla haujazoea wavu wa kunasia wanyama, na hilo linaonekana katika kila alichoandika baadaye: hakuridhika na ngozi ya nje, alitaka kuona meno, fuvu na vidole.

Mwaka 1842 aliondoka kwenda Msumbiji, kwa msaada wa Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia. Alikaa miaka kadhaa pwani, akapanda Mto Zambezi hadi Tete, akavuka hadi visiwa vya Komoro. Aliporudi mwaka 1848 alikuwa na shehena kubwa ya wanyama, na pia daftari za maneno ya lugha za watu aliokaa nao. Daftari hizo alizitumia Wilhelm Bleek, yule mtaalamu wa lugha za Kibantu, kutungia kitabu kilichotoka London mwaka 1856, chenye misamiati ya kuanzia Lourenço Marques hadi Cape Delgado na Nzuani. Sioni ajabu kwamba sikio lilelile lilinasa maneno. Anayezoea kutofautisha mnyama na mwenzake kwa gamba moja hawezi kupuuza tofauti ya silabi.

Mtazame alivyoshughulika na wanyama wadogo ambao wengine wangewapita. Mwaka 1846 alimweleza sange ambaye mguu wake wa nyuma una vidole vinne, akamwita Petrodromus tetradactylus, yaani hesabu ya vidole ikawa ndilo jina lenyewe. Mwaka huohuo akamweleza fuko wa rangi ya fedha, Heliophobius. Mwaka uliofuata akamweleza njule mkubwa, Rhynchocyon cirnei. Jenasi zote tatu alizianzisha yeye, na zote zinatumika hadi leo. Siamini kwamba mgeni peke yake angeweza kumpata fuko aishiye chini ya udongo. Palikuwa na wenyeji waliojua pa kuchimba, na inauma kwamba majina yao hayamo katika majina ya spishi hizo.

Wataalamu wa fani hii wana desturi moja ninayoipenda. Spishi ikibaki katika jenasi aliyoiweka mtu wa kwanza kuieleza, jina la mtu huyo huandikwa wazi baada ya jina la spishi. Ikihamishwa, jina hutiwa kwenye mabano. Swila wa Msumbiji atemaye sumu, Naja mossambica, anafuatwa na Peters, 1854, bila mabano. Perege wa Msumbiji, samaki ambaye leo anafugwa mpaka Asia, ni Oreochromis mossambicus (Peters, 1852). Mabano hayo hayamaanishi kwamba Peters alikosea kumweleza samaki. Waliokuja baadaye walibadili tu mpangilio wa ukoo, lakini ili wajue ni samaki yupi, hurudi kwenye maelezo yake.

Alipewa kuiongoza Makumbusho ya Zoolojia ya Berlin baada ya mkurugenzi wake, Lichtenstein, kufariki mwaka 1857. Wakati huo alikuwa akitoa vitabu vya safari yake kwa mwendo ambao wachapishaji wa leo wasingeuvumilia: wanyama wanyonyeshao mwaka 1852, wadudu 1862, samaki wa mitoni 1868. Kitabu cha reptilia na amfibia kilitoka mwaka 1882, miaka 40 tangu aondoke Berlin. Swila aliyemtangaza kwa ufupi mwaka 1854 aliendelea kungoja miaka 28 zaidi maelezo yake kamili. Wapo watakaouita huo uzembe. Lakini katika miaka hiyo vielelezo vya wasafiri wengine vilizidi kufika mezani kwake, naye akaendelea kuvieleza. Mbega wa pwani yetu mwenye manyoya marefu meupe mabegani, Colobus angolensis palliatus, aliandikwa naye mwaka 1868. Popo mkubwa aliyeletwa na Johannes Hildebrandt kutoka Taita aliitwa Rhinolophus hildebrandtii mwaka 1878, na mwaka uliofuata mbega mwekundu wa Mto Tana naye akapata jina.

Popo ndio waliomshughulisha kuliko wote. Pua zao zenye majani ya ngozi, masikio, meno yasiyozidi punje: hapo ndipo jicho lake lilipopata kazi ya kulitosha. Alikusudia kuandika kitabu kimoja juu ya popo wote, akasimamia uchoraji wa picha zake. Alifariki Aprili 1883 kabla hajakiandika. Mwaka 1899 Paul Matschie, wa makumbusho hiyohiyo, alianza kuzitoa zile picha pamoja na maandishi yake mwenyewe, akianzia na popo wala matunda.