Jicho la Angani: Tanganyika na Zanzibar katika Africa Addio

Miongoni mwa filamu za Kiitalia zilizojipatia wapenzi sugu kwa kuuza damu na mshtuko, Africa Addio (1966) ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi ndiyo inayomgusa zaidi msomaji wa Afrika Mashariki. Waongozaji hao walikwisha kupata umaarufu kwa Mondo Cane (1962), waliyoiongoza pamoja na Paolo Cavara, iliyozaa mkondo mzima wa filamu zinazojinadi kuwa za matukio halisi ilhali huchagua na kukuza yanayotisha tu. Dai kuu la Africa Addio ni kwamba mkoloni akiondoka, wanyama watakwisha na watu watauana.

Sehemu ya kwanza ya dai hilo haihitaji nadharia ili ijibiwe, inajibika Babati. Tarangire, iliyo kaskazini-mashariki mwa mji huo, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1970, miaka minne baada ya filamu, na walioifanya hivyo ni serikali ya nchi huru. Ujangili ulikuwepo na uliendelea, hilo halifichiki. Lakini matanga yaliyotangazwa na Waitalia hao yalikosa maiti.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, kamera ya Jacopetti na Prosperi ilipita juu ya kisiwa na kunasa maiti, makaburi ya halaiki na watu waliokimbilia ufukweni. Ni miongoni mwa picha chache za mwendo zinazojulikana kuhusu mauaji hayo, ambayo idadi ya wahanga wake inabishaniwa hadi leo. Mhakiki anayeitupa filamu yote kwa kuwa ni propaganda ya kikoloni anawatupa na marehemu. Anayeipokea kama ushahidi mtupu naye anaimeza sauti ya msimulizi, ambaye tayari ameshaamua kwamba huo ndio uhuru wa Mwafrika ulivyo. Picha na maelezo yake sharti vitenganishwe: picha zihojiwe kama shahidi, maelezo yahojiwe kama mshitaki.

Hata hivyo, picha zenyewe hazina usafi kamili, kwa sababu zina umbali. Katika filamu hiyohiyo mtoto wa punda milia anabebwa na helikopta, naye anapewa ukaribu, muda na huruma. Watu wa Unguja wanatazamwa kutoka juu kama kundi la nyumbu, bila jina, bila sauti, bila neno moja la Kiswahili lao. Kwamba rubani asingeweza kutua salama ni kweli. Lakini hakuna hatari iliyomzuia mhariri, akiwa mezani Italia, asiwatafutie majina.

Mkondo huo uliishia kwenye Cannibal Holocaust (1980) ya Ruggero Deodato, kisa cha wapiga picha wanaosababisha vifo ili wavipige picha. Muziki wake ni wa Riz Ortolani, yuleyule wa Africa Addio. Jacopetti alishitakiwa Italia kuhusiana na mauaji yaliyopigwa picha Kongo, akaachiwa; Deodato, ambaye vifo vya waigizaji wake vilikuwa vya kubuni, alilazimika kuthibitisha kwamba walikuwa hai. Kwa waliokimbilia ufukwe wa Unguja, hakuna aliyewahi kutakiwa kuthibitisha lolote.