Mchonga Meno ya Tairi

Lori likisimama Segera, kabla dereva hajaagiza chai, utingo hushuka na kipande cha nondo, akalizunguka gari akigonga matairi, moja baada ya jingine. Hayaangalii sana. Anayasikiliza. Lililojaa upepo hujibu kwa mlio mkavu na kuirusha nondo. Lililopungua hujibu kwa sauti nzito, iliyokufa, na nondo hudidimia kidogo kabla ya kurudi. Kwa matairi ya nyuma yaliyofungwa mawili mawili hakuna njia nyepesi kuliko hiyo, maana lililolegea hubebwa na mwenzake, na kwa macho yote mawili yako sawa. Nilikua nikiutazama utaratibu huo kando ya barabara ya Tanga, na ndio ulionifundisha kwamba tairi ni ngoma. Limewambwa, ndani mna upepo, na anayejua kusikiliza huambiwa.

Sikujua kwamba elimu ile ingenifaa Ujerumani. Mwenyeji wangu, mhandisi aliyestaafu, alinipandisha kwenye Porsche 911 yake tukashika barabara kuu ya A8, kutoka Stuttgart kuelekea Munich. Nilijiandaa kuisikia injini, kwa kuwa injini ya gari lile, yenye silinda 6 zilizolala, hukaa nyuma kabisa na sifa zake zimeandikwa vitabu. Lakini mwendo ulipopita kilometa 100 kwa saa, kilichotujaa humo ndani hakikuwa injini. Ulikuwa mvumo mpana, kama mvua inayokuja juu ya mabati ya mtaa wa pili, na chini yake sauti nyingine nene niliyoihisi kifuani zaidi ya masikioni. Tuliongea kwa kupaza sauti. Kisha barabara ikatoka kwenye zege ikaingia kwenye lami mpya, na mvumo ule ukakatika kana kwamba mtu amefunga dirisha. Tukajikuta tunapigiana kelele ndani ya gari tulivu.

Mzee akaniangalia akatabasamu. "Hayo ni matairi," alisema. "Gari ni lilelile."

Tangu siku hiyo nimeisoma kazi ya watu wanaoshughulika na sauti hiyo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuwavulia kofia. Watu wachache hufanya kazi ngumu hivi ili tu mwingine asiitambue.

Anza na tairi lenyewe. Toleo la 911 Carrera S la miaka hii hufungwa nyuma matairi ya 305/30 ZR21: upana milimita 305, na ukuta wa pembeni asilimia 30 ya upana huo, yaani sentimita 9 hivi, upana wa kiganja. Ukuta mfupi namna hiyo haujikunji ovyo gari linapokata kona kwa kasi, na ndiyo maana umewekwa. Lakini ukuta usiojikunja haunyonyi mtikisiko. Kila punje ya kokoto iliyomo barabarani hupitishwa kwenye rimu, kutoka rimu hadi ekseli, kutoka ekseli hadi mwilini mwa gari. Nyuma ya viti vya mbele vya 911 nyingi kuna viti viwili vidogo visivyomfaa mtu mzima, na pembeni mwake, nyuma tu ya bati, yanazunguka matairi mapana kuliko yote garini. Ndiyo maana lawama ya kelele za barabara ni ya siku nyingi kwa gari hili. Pembeni mwa matairi yake utakuta herufi N ikifuatwa na tarakimu, mathalani N0 au N1. Ni alama kwamba Porsche wenyewe wamelipima tairi hilo na kulikubali, na kelele ni miongoni mwa mambo yanayopimwa.

Kelele ya tairi haina mzazi mmoja. Kuna vishindo: kila jino linapofika chini huipiga barabara kama nyundo ndogo ya mpira. Kuna upepo: mfereji unapobanwa dhidi ya lami, hewa iliyomo hufinywa ikaruka nje, na mfereji unapoachiwa hewa hufyonzwa kurudi. Mpira wenyewe nao, hasa huu laini wa magari ya kasi uliopikwa ili ung'ang'anie, hunata na kubanduka, kila jino likiondoka chini kwa mnyofoo wake. Haya yote hutokea mahali pabaya kuliko pote, kwenye pembe nyembamba kati ya duara la tairi na uso wa barabara, ambayo hupanuka kuelekea nje mithili ya mdomo wa nzumari. Aliyewahi kusimama mbele ya mpiga nzumari anajua mdomo ule humfanya nini msikilizaji.

Ndani ya tairi mna jambo lake pia. Hewa iliyofungiwa kati ya mpira na rimu ni pete moja. Sauti husafiri hewani kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Pete yenye mzunguko wa meta 1.8 huizunguka karibu mara 190 katika sekunde hiyo. Huo ndio mlio wa kuzaliwa wa tairi la namna hiyo, na barabara mbovu huuamsha bila kukoma. Ndiyo sauti ile nene niliyoihisi kifuani, na ni ya ukoo mmoja na mlio anaoutafuta utingo kwa nondo yake.

Nataka kukaa zaidi kwenye meno, maana hapo ndipo palipo na ufundi wenyewe.

Chukua tairi lenye mzunguko wa meta 2, lenye meno 70 yaliyolingana sawasawa. Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa huzunguka karibu mara 14 kila sekunde. Mara 14 kwa meno 70 ni vishindo 980 kwa sekunde, vyote vikifika kwa nafasi ileile kama hatua za gwaride. Sikio halitasikia vishindo, litasikia filimbi. Tena mitetemo inayokaribia 1,000 kwa sekunde imo katika eneo ambalo sikio la mwanadamu ni jepesi sana. Ukiongeza mwendo filimbi hupanda, ukipunguza hushuka, na ukishika mwendo mmoja, kama wafanyavyo wasafiri wa mbali, hubaki palepale ikikuchimba kichwa saa nzima.

Meno 70 huwezi kuyanyamazisha. Unaweza kuyatawanya. Fundi hukata jino moja refu, la pili fupi, la tatu la kati, tena fupi, tena refu, kwa mpango ambao haujirudii kwa nafasi za kulingana hadi duara litimie. Idadi ya vishindo haikupungua, na nguvu yake haikupungua kwa kiasi cha kutajwa. Kilichotoweka ni ile noti moja iliyokuwa ikiwatawala wenzake. Imevunjwa vipande, kila kipande kimepewa mahali pake, na badala ya filimbi sikio linapata mvumo. Mvumo sikio huuzoea, kama linavyouzoea upepo kwenye minazi. Tofauti za urefu wa meno hayo ni ndogo na jicho huzipita, lakini chukua rula, chuchumaa kando ya gari lolote lililo karibu nawe, upime meno kumi yanayofuatana. Utaziona.

Leo mpango huo hutafutwa kwa kompyuta, kwa sababu hesabu ya namna za kupanga meno marefu, ya kati na mafupi kwenye duara moja ni kubwa kupita uwezo wa kalamu. Hata hivyo kalibu ya kuundia tairi ni ghali, na hakuna anayetaka kuichonga kabla hajasikia. Kwa hiyo tairi la majaribio huchongwa kwa mkono. Viwanda vikubwa bado vina watu wa kazi hiyo. Mchonga hupewa tairi lisilo na mfereji hata mmoja, uso wake mtupu kama jiwe la mtoni. Hulichora ramani yote, kisha huongoza ndani ya mpira wembe uliopashwa moto kwa umeme, mfereji baada ya mfereji, kwa kina kile kile na pembe ile ile, huku moshi wa mpira ukimpanda usoni. Mkono ukiteleza hakuna kifutio.

Wasichanganywe na wale wa kwetu wanaochonga upya tairi kipara ili lionekane lina meno. Hao humenya mpira uliobaki juu ya nyuzi, na wanachouza ni mauti.

Nikimfikiria mchonga huyu namwona kando ya mchonga milango wa Unguja. Patasi na wembe ni ndugu. Mioyo yao ndiyo tofauti. Uzuri wa mlango umo katika kujirudia: ua kwa ua, pete ya mnyororo kwa pete ya mnyororo, na jicho hutulia kwa kujua kinachofuata. Mchonga tairi anaupinga uzuri huo kwa makusudi, kwa sababu kinacholituliza jicho ndicho kinachoumiza sikio tairi likizunguka mara 14 kwa sekunde. Analazimika kutengeneza kitu kinachoonekana kimepangika na kinachosikika hakikupangika. Sijui ufundi mwingine wenye masharti mawili makali namna hii kwenye kipande kimoja.

Wala hamu ya utulivu haikuletwa na magari ya anasa. Robert William Thomson wa Stonehaven, Uskoti, alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, akiwa na miaka 23, kupunguza kelele za magari ya farasi lilikuwa mojawapo ya makusudio aliyoyaandika. Mwaka 1847 alilionyesha gari lililofungwa matairi yake katika bustani ya Regent's Park, London. Wazo likasahauliwa mpaka John Boyd Dunlop alipolifufua Belfast mwaka 1888. Kwa hiyo tairi la upepo tangu kuzaliwa kwake liliahidi mambo mawili: kuilainisha safari na kuinyamazisha.

Magari ya kasi yameifanya ahadi hiyo kuwa ngumu kutimiza. Upana unaong'ang'ania barabara ndio unaopiga kelele, na hata sheria imekiri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 ililiwekea tairi la kawaida la gari dogo, lenye upana usiozidi milimita 185, kikomo cha desibeli 70. Linalozidi milimita 275 likaruhusiwa kufika 74. Desibeli 4 zinaonekana kidogo, lakini ni zaidi ya mara mbili ya nguvu ya sauti. Na hapa wanunuzi wengi hukosea: kipimo cha kelele kilichoandikwa kwenye kibandiko cha tairi Ulaya ni cha sauti inayomfikia mtu aliye nje, kando ya barabara. Hakisemi lolote kuhusu atakachosikia aliyekaa ndani.

Kwa ajili ya aliye ndani, Continental, Pirelli, Michelin na wengine hubandika sponji ndani ya tairi kuzunguka duara zima, ili inyonye ule mlio wa pete ya hewa. Inafanya kazi, nami siikatai, ingawa fundi wa pancha hulazimika kuikata kwanza ndipo apate pa kubandika kiraka. Lakini sponji ni dawa ya ugonjwa mmoja. Meno haiyagusi.

Tena, ukimya mtupu nisingeutaka. Mzee wa Stuttgart alinionyesha hili tulipokuwa tunarudi na mvua imeanza. Lami ilipoloa, mvumo ulipata mchirizo mwembamba juu yake, naye akapunguza mwendo kabla sijaona maji yoyote barabarani. Kwenye kona za njia ya kutokea alilisukuma gari kidogo, na tairi la mbele likaanza kuguna. Halikupiga ukelele, liliguna tu, likimwambia kwamba mshiko uliobaki ni mdogo. Dereva wa gari la kasi huishi kwa habari hizo. Aliyelichonga tairi lile alizifahamu, akaiondoa filimbi na kuliacha guno mahali pake. Huo ndio ustadi ninaousifu: kujua sauti ipi ni uchafu na ipi ni neno.

Kazi hiyo hudumu kadiri tairi linavyotunzwa. Magurudumu yasipopangwa sawa, meno huchakaa kwa mshazari, ncha moja juu na nyingine chini, kama meno ya msumeno, na tairi lililotoka kiwandani likivuma huanza kunguruma. Wengi huenda gereji kubadilisha beringi wakidhani imekufa, na ngurumo wanarudi nayo. Kwenye magari mengine ungejaribu kuyahamisha matairi ya mbele nyuma usikie kama ngurumo imehama; kwenye 911 huwezi, upana haufanani. Kinachobaki ni kiganja. Kipitishe juu ya meno kuelekea upande mmoja, kitateleza, kirudishe, kitakwaruzwa. Ukiona hivyo, iache beringi ya watu.

Na sauti hii itazidi kusikika. Kwenye magari ya umeme hakuna injini ya kuifunika, na hata kwenye yale ya petroli, mwendo ukishavuka kilometa 50 kwa saa, tairi ndilo linaloongoza kwa kelele. Wapimaji wa Ulaya wanalijua hilo. Siku ya kulihukumu tairi huliendesha gari hadi mwendo wa karibu kilometa 80 kwa saa, huzima injini, na kuliacha liteleze lenyewe kupita kati ya vipaza sauti viwili, kimoja kila upande, meta 7.5 kutoka katikati ya njia. Kwa zile sekunde chache hakuna kinachosikika isipokuwa mkono wa mchonga.